Macho ya Mkalimani

Mikono ya mkalimani ilikuwa hewani, wa kulia juu ya wa kushoto, ilipokoma. Chumba cha mahakama hakikuona kitu. Hakimu alikuwa akisoma swali kutoka kwenye karatasi yake, karani akiandika, bibi wa mtoto akikunja na kukunjua leso, na wakili wa bibi akiiba jicho kwenye saa. Nani hutazama mikono ya mkalimani wa lugha ya alama? Watu huitazama siku ya kwanza, wakaguna kwa mshangao, kisha kila mmoja hurudi kwenye maneno yake. Mtu mmoja tu chumbani humo alikuwa na sababu ya kutoibandua macho, naye ndiye aliyeona kwamba juu ya mikono ile iliyosimama, macho ya mwenye mikono yamefumbwa.

Mtu huyo alikuwa fundi wa mageti. Hakuwahi kusikia tangu kuzaliwa. Mkewe alikuwa amefariki mtoto wao akiwa na miaka miwili, na tangu siku ile alikuwa amemlea binti yao peke yake katika nyumba iliyoshikana na karakana. Binti alikuwa na miaka minne na nusu sasa, na masikio yake hayakuwa na kasoro. Na majirani alizungumza kwa mdomo, na baba yake kwa mikono, na wala hakujua kwamba wenzake wana lugha moja tu. Bibi yake, mama wa marehemu, ndiye aliyefungua shauri. Alidai kwamba mtoto anayesikia hawezi kulelewa katika nyumba isiyo na sauti. Fundi hakuwa mbishi. Alikwisha kukubali mbele ya watu wa ustawi wa jamii kwamba kila likizo binti yake angekwenda kwa bibi, na asubuhi ile alikuja mahakamani kulithibitisha hilo.

Swali la hakimu lilikuwa hili: "Je, unakubali mtoto akae kwa bibi yake mpaka amalize shule ya msingi, na kuja kwako siku za likizo?"

Mkalimani alisikia mwanzo wake. Alisikia na mwisho wake. Katikati hapakuwa na kitu, si kelele, si giza, ila pengo lililokatwa safi kama kitambaa. Alipozinduka hewani palikuwa na neno "likizo", na chumba kizima kilikuwa kikisubiri. Akafanya afanyavyo kila mchovu mwenye aibu: akatafuta kiraka cha rangi inayofanana. Asubuhi nzima walikuwa wakizungumza habari za bibi na likizo; swali lingekuwa nini tena? Mikono yake ikasema: Mtoto, kwa bibi, likizo. Unakubali?

Fundi akaitikia kwa kichwa. Lakini kabla kichwa hakijatulia, mikono yake iliinuka kidogo tu, chini ya ukingo wa meza, jinsi mtu anavyomtonya mwenzake kwamba nguo yake imefumuka nyuma, ili wengine wasimcheke.

Umefumba macho, mikono ikasema. Mwambie arudie.

"Anasema nini?" hakimu akauliza.

Kazi ile ina kanuni moja ambayo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza huijua: mkalimani hana maneno yake. Akisema "mimi", mimi huyo ni mwingine. Kwa miaka kumi na mmoja mwanamke huyu alikuwa amekiri wizi asioufanya, amelia talaka zisizo zake na kutukana matusi ambayo nyumbani kwao yangempatia kofi. Hakuwahi kumeza hata neno. Sasa alitakiwa kusema mbele ya hakimu, mbele ya wakili na karani mwenye mdomo mrefu: mkalimani amefumba macho, tafadhali rudia. Sentensi fupi isiyo na neno gumu. 

"Ninakubali, mheshimiwa," akasema.

Kalamu ya hakimu ikaandika.

Tuseme ukweli, usingizi ule haukuanza siku ile. Ulikuwa na miaka mitatu mwilini mwake. Alilala saa nane kamili na kuamka kama aliyeshinda akipakua magunia. Kila asubuhi kichwa kilimgonga, ulimi ulikuwa mkavu, na usiku aliamka mara nne kwenda msalani. Alisinzia kwenye foleni. Alisinzia akiwa ameshika mwiko. Wakwe walinong'ona kwamba ni uvivu; shoga yake alisema ni umri; daktari mmoja wa haraka haraka alimpa vidonge vya presha na kumshauri apunguze mawazo. Mahakamani alijikaza kisabuni. Alitafuna tangawizi mpaka mdomo ukaota vidonda. Alijichoma kiganja kwa pini aliyoificha ndani ya mkono wa gauni. Kuna siku alisimama kikao kizima, akimwambia hakimu kwamba mgongo unamsumbua, kwa kuwa aliyesimama hasinzii, au ndivyo alivyodhani mpaka siku alipogundua kwamba hata farasi, alalaye wima, hamshindi.

Nyumbani alikuwa na jina. Mumewe, fundi saa, mtu mpole asiyejua kukasirika, alimwita Jenereta. "Umeme ukikatika kwenu msihangaike," aliwaambia wageni, "njooni kwetu, sisi tuna letu." Wageni walicheka, na mkewe alicheka kuwazidi wote. Angefanya nini? Mwanamume akikoroma ni mwanamume aliyechoka. Mwanamke akikoroma ni kichekesho, na asipokuwa kichekesho ni fedheha. Mwaka wa pili mume alihamia kwenye kochi sebuleni, bila ugomvi, akiwa na mto wake kwapani. Hilo halikuzungumzwa tena. Mficha maradhi kifo humuumbua, husema watu, lakini methali haisemi lolote kuhusu yule ambaye maradhi yake huumbua wengine kwanza.

Siku ya tatu baada ya kesi, karani wa masijala alimwita mkalimani kwa sauti kutoka upande wa pili wa ukumbi. "Dada, njoo unisaidie! Huyu bwana wako ananipigia mikono hapa, mimi simwelewi hata chembe."

Fundi wa mageti alikuwa ameegemea kaunta. Nywele zake zilikuwa na vumbi la chuma. Alikuwa ametoka kazini mbio. Alipomwona mkalimani mikono yake haikujificha chini ya meza tena. Ilipanda mpaka usawa wa uso, na kila neno lilikatika hewani kwa nguvu.

Wamemchukua. Wamekuja na karatasi na gari. Si likizo. Binti alinitafsiria: ni mpaka amalize shule. Ulilala. Nilikwambia umwambie arudie. Ulimwambia nini? Mwambie huyu. Mwambie ulilala.

"Anasema nini?" karani akauliza, muhuri mkononi.

Basi fikiria. Malalamiko ya mtu yule juu ya mdomo ule hayakuwa na mlango mwingine wa kupitia ila mdomo ule ule. Katika mahakama yote, katika mji wote, mkalimani alikuwa mmoja. Naye alisimama pale akiwa macho kabisa. Hofu ilikuwa imefukuza usingizi wote.

"Anataka nakala ya hukumu," akasema.

"Ndiyo kelele zote hizo? Mwambie aje Jumatatu."

Fundi hakusikia, lakini alikuwa amesoma nyuso maisha yake yote, na uso wa karani ulikuwa mtulivu mno. Mtu aliyeambiwa jambo lile asingepiga miayo. Akamgeukia mkalimani, akamtazama muda mrefu. Kisha akachukua kalamu iliyofungwa kwa uzi juu ya kaunta. Shule alipitia dirishani; alijua kuandika jina lake na vipimo vya vyuma. Aliishika kalamu, akaiangalia, akairudisha mahali pake, akaondoka.

Siku za kukata rufaa zikapita. Likizo ya kwanza mtoto aliletwa kwa siku tatu. Ya pili alikuwa na mafua. Ya tatu, bibi alisema, kulikuwa na masomo ya ziada. Mkalimani aliyajua yote haya kwa sababu karani alimsimulia, na kila aliposimuliwa aliitikia, "Maskini," kama vile watu wasiohusika wanavyoitikia. Njiani alibadilisha barabara ili asipite karibu na karakana ile.

Mwezi wa nane baada ya hukumu, alipelekwa hospitali kumtafsiria bibi kizee mmoja kiziwi aliyekuwa na maumivu ya koo. Daktari wa masikio, pua na koo alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba, mtu wa maneno machache. Alieleza jinsi ya kumeza dawa. Alipomaliza, bibi kizee alikuwa anatabasamu na kumwonyesha mkalimani kwa kidole. Mkalimani alikuwa ameketi wima, mikono mapajani, akikoroma taratibu.

Daktari hakumwamsha. Aliangalia saa yake ya mkononi, akaangalia kifua cha mkalimani. Koromo lilikatika ghafla. Kifua kiliendelea kuvuta, lakini hakuna kilichoingia. Sekunde kumi na tisa zikapita, kisha mwili mzima ukashtuka na pumzi ikaingia kwa kishindo. Mkalimani akafungua macho, mikono yake ikaanza kutafsiri mahali ilipoachia.

"Acha kwanza," daktari akasema. "Huyu mama atapona. Sasa tuzungumze habari zako."

Alimuuliza maswali mengi, na kila swali lilikuwa kama limechungulia chumbani mwake. Alimpima shingo kwa futi ya fundi cherehani. Alimwangalia koo kwa tochi. "Wanawake wengi hufika hapa wamechelewa," akasema akiandika. "Wamepewa dawa za presha, za mawazo, za damu. Hakuna aliyewauliza kama wanakoroma, na wao wanaona haya kusema. Umewahi kukosea kazini kwa sababu ya usingizi?"

"Hapana," mkalimani akajibu.

"Nani analala karibu nawe?"

"Mume wangu. Zamani."

"Njoo naye."

Mume alikuja siku iliyofuata, amevaa shati la kutokea. Usiku wa kuamkia siku hiyo mkalimani alikuwa amelala hospitalini na kamba kifuani, mrija mdogo puani na kibano kidoleni, na chombo kilikuwa kimeandika yote. Daktari aliwaonyesha karatasi yenye mistari. Mstari ulipanda na kushuka, ulipanda na kushuka, kisha ulilala, kisha ukaruka. Ulilala tena.

"Ukilala, nyama za koo hulegea," daktari akaeleza. "Zako zinaangukiana, njia inaziba. Kifua kinavuta, hewa haipiti. Ubongo unashtuka, unakuzindua kidogo sana, unapumua, unazama tena. Hukumbuki. Lakini hulali, mama. Kila saa moja umefanya hivi mara arobaini na moja." Akamgeukia mume. "Wewe hukuwahi kuona anaacha kupumua?"

Fundi saa aliutazama ule mstari uliolala. Alizoea kusoma vitu vidogo, na hiki alikisoma vizuri.

"Niliona ananyamaza," akasema. "Anakoroma, anakoroma, halafu ananyamaza. Mimi nilikuwa nashukuru, daktari. Nilikuwa natega hapo hapo akinyamaza, na mimi nipate kulala."

Hakuna aliyecheka. Njiani kurudi nyumbani mume alimshika mkewe mkono, jambo ambalo hakulifanya barabarani tangu walipooana. Mkewe alimwachia mkono, lakini moyoni alihisi uchungu usio wa haki, kwa kuwa hakuwa na kosa, yule. Alikuwa ameona na hakujua anachokiona. Kuna walioona na kujua.

Hospitali ilimwazima mashine. Ilikuwa kisanduku kisichozidi ukubwa wa redio, chenye bomba refu na barakoa ya kufunika pua, na kazi yake ilikuwa kusukuma hewa kooni ili njia isizibe. Wiki ya kwanza aliichukia. Hewa ilimpulizia machoni, mikanda ilimchora mashavuni, na kila alfajiri aliikuta sakafuni, ameivua bila kujua. Mume alimwita Rubani, kisha akanyamaza alipoona utani haukupokewa. Daktari alimbadilishia barakoa, akamwambia alale ubavu, apunguze mwili pole pole, na asikate tamaa. Wiki ya tatu aliamka asubuhi moja akasikia kitu kigeni, akakaa kitandani akikitafuta. Ilichukua muda kutambua kwamba kichwa hakiumi.

Ungedhani hapo ndipo furaha ilipoanza. Ilianza, sikatai, ikadumu siku nne hivi. Alipika bila kuunguza. Mikono ya watu aliiona upya, mpaka viungo vya vidole. Na siku ya tano, akiwa amesimama kwenye sinki akiosha vikombe, akakumbuka. Si kwamba alikuwa amesahau. Alikuwa amechoka mno kukumbuka, na uchovu ulikuwa blanketi zuri. Sasa halikuwepo. Aliiona mikono ya fundi chini ya ukingo wa meza. Aliyaona maneno mawili matatu yale, jinsi yalivyosemwa kwa upole.

Alikaa nayo mwezi mzima. Aliyapanga mambo hivi na vile. Ugonjwa ndio uliomfumba macho; hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa na karatasi yenye mistari. Lakini kila alipofika hapo, kulikuwa na hatua moja zaidi, na ugonjwa haukumsindikiza. Alipoambiwa "mwambie arudie" alikuwa macho. Kwenye kaunta alikuwa macho. Mashine ile ingefungwa puani mwake tangu siku aliyozaliwa, bado jibu lile lingekuwa lake. Hilo ndilo lililomkera zaidi: kwamba amepata dawa ya kila kitu isipokuwa ya jambo lenyewe.

Daktari alimwandikia barua. "Ipeleke kazini," alisema. "Wajue ulikuwa mgonjwa, si mvivu." Ilikuwa barua nzuri, yenye muhuri.

Hakimu aliisoma ofisini mwake, mara mbili, akavua miwani.

"Pole sana, mama," akasema. "Mbona hukusema mapema? Tungekupumzisha."

"Mheshimiwa, kuna shauri la fundi wa mageti na bibi wa mtoto. Siku ile nilisinzia katikati ya swali lako. Nilimuuliza juu ya likizo tu. Hakuwahi kuulizwa habari ya kuishi huko."

Hakimu aliikunja barua. Halafu akafanya jambo la huruma, na kwa kweli alikuwa mtu mwema. "Basi hilo linarekebishika," akasema. "Kwa barua hii shauri litafunguliwa upya. Tafsiri ilikatika kwa sababu ya maradhi, hakuna wa kulaumiwa. Utaandika hivyo, kifupi tu, utaendelea na kazi yako. Sawa?"

Mlango ulikuwa wazi kiasi hicho. Angeweza kupita kichwa juu.

"Aliniona," akasema. "Aliniambia nimefumba macho, nikuombe urudie. Mimi nikakwambia anakubali."

"Ulikuwa bado na usingizi."

"Nilikuwa macho, mheshimiwa. Na siku ya tatu alikuja masijala kunishtaki. Karani aliniita nitafsiri. Nikamwambia anataka nakala ya hukumu."

Hakimu aliivaa miwani tena, akamtazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia nyumba si yake. "Lakini nilimwona mwenyewe akiitikia kwa kichwa."

"Aliitikia swali langu, si lako."

"Na kesi nyingine? Miaka mitatu hii, unajua unaniambia nini wewe? Ngapi?"

"Sijui, mheshimiwa."

"Hujui."

"Nilikuwa nimelala."

Alisimamishwa kazi siku hiyo hiyo. Karani aliacha kumwita dada. Shauri lilifunguliwa upya, kisha likaahirishwa, kisha likaahirishwa tena, kwa sababu hapakuwa na mkalimani. Kijana aliyeazimwa kutoka mbali alikuja mara mbili, akautafsiri ushahidi wa mkalimani kwa mikono mbele ya fundi, sentensi baada ya sentensi. Fundi alitazama mikono ya yule kijana. Hakumtazama mkalimani aliyekuwa kizimbani, hata mara moja. Amri ya kwanza ilitenguliwa. Kabla ya kutoa nyingine, mtoto akiwa bado kwa bibi, hakimu aliagiza baba na mtoto wakutanishwe kwenye ofisi ya ustawi wa jamii, na afisa aandike alichokiona.

Ilikuwa mwezi wa kumi na sita tangu hukumu ya kwanza. Yule kijana hakuweza kuja. Afisa alimwandikia fundi kumuuliza kama waahirishe, au kama angekubali kwa siku hiyo moja mkalimani wa zamani. Jirani mmoja, aliyehamia mtaani mwezi ule na aliyekuwa na ndugu kiziwi, alimsomea barua kwa mikono, na jibu lake akaliandika kama lilivyotoka: Aje yeye. Huyo angalau uongo wake naujua.

Mkalimani alifika mapema. Chumba kilikuwa na meza, viti vinne, na kapu la vitu vya kuchezea vilivyochakaa. Fundi aliingia amenyoa, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka likakakamaa. Aliketi. Mkalimani alimsalimu kwa mikono, na alipoona hakujibiwa aliirudisha mapajani.

Maneno ya kumwomba msamaha alikuwa ameyaandaa kwa miezi. Aliyajua kwa mdomo na kwa mikono. Aliona sasa kwamba hayana pa kuwekwa.

Bibi aliingia akimshika mtoto mkono. Hakuwa mwanamke mbaya, bibi yule. Alikuwa amezika binti yake na alitaka kubaki na kitu. Mtoto alikuwa amerefuka, anakaribia miaka sita, nywele zimesukwa, sketi safi, soksi zimevutwa juu. Mikono yake aliishika nyuma ya mgongo, mmoja ndani ya mwingine.

"Amkia," bibi akasema. "Kwa mdomo. Si tumeongea?"

"Shikamoo, baba," mtoto akasema vizuri, kwa sauti ya wazi, akimwambia mwanamume asiyeweza kumsikia.

Fundi alishuka kwenye kiti, akapiga magoti sakafuni ili nyuso zao zilingane. Mikono yake ilizungumza polepole, maneno ya nyumbani, yale ambayo hayafundishwi shuleni, ambayo baba na mtoto huyatunga wenyewe. Mkalimani alielewa karibu yote. Alimwambia kitanda chake amekipaka rangi upya. Alimwambia paka amezaa. Alimuuliza kama anakula vizuri, na kama bado anaogopa kelele za msumeno.

Mtoto aliitazama mikono ile kwa makini sana, uso umekunjamana, kama mtu aliyepewa kitu ambacho aliwahi kukijua jina. Bega lake likatikisika, kama mkono unaotaka kuinuka. Kisha akakata tamaa, akamgeukia mwanamke aliyeketi pembeni, ambaye aliambiwa kwamba ndiye anayejua.

"Shangazi," akauliza, "anasema nini?"

Chumba kikasubiri. Afisa aliinua kalamu. Mkalimani alikuwa macho kuliko alivyowahi kuwa katika maisha yake, alikuwa na kila neno tayari, la kitanda na la paka, na mdomo wake ulikwisha kufunguka.

Fundi hakusikia swali, lakini aliona kichwa cha binti yake kikigeuka, akajua kimegeukia wapi na kwa nini. Mkono wake mmoja ukainuka kumzuia mkalimani, bila hasira.

Usimwambie, akasema. Mwache aniulize mimi.

Mkalimani akafunga mdomo.

"Shangazi?" mtoto akasema.